Mkanda Uliochelewa Miaka Arobaini

Ndondi ziliingia Kenya kupitia Mombasa, kama ilivyoingia reli, kama zilivyoingia sheria za Waingereza. Wanaume wa pwani walikuwa na namna yao ya kupimana kabla ya hapo. Ngoma ya kirumbizi ni ya zamani: wawili wanaingia uwanjani na bakora zao, zumari linalia, mmoja anashambulia na mwenziwe anakinga, na wazee waliokaa kando wanajua papo hapo nani kafundishwa vyema na nani anarusha mkono ovyo. Ila kupigana kwa glavu ndani ya kamba, raundi ikifunguliwa na kufungwa kwa kengele, na majaji wakiandika pointi kwenye karatasi, huo ni mchezo uliokuja na askari, polisi, magereza na mabaharia.

Mabaharia hasa. Aprili 1942 ndege za Japani zilipiga Colombo na Trincomalee kule Ceylon, na jeshi la majini la Uingereza likalazimika kuhamishia Kilindini makao ya kikosi chake cha Mashariki. Kisiwa kikajaa manowari na vijana wenye sare nyeupe. Katika jeshi lile ngumi zilikuwa sehemu ya malezi ya baharia, sawa na kuogelea na kufunga kamba. Mombasa ilikuwa imeshazoea kupokea vitu vya wageni na kuvifanya vyake, na mchezo huu nao ukaingia katika hesabu.

Njia ya ndondi mjini inafuatika kwa miguu. Unaanzia Bandari ya Kale, unapanda Ndia Kuu kati ya nyumba zenye roshani za mbao, unatokeza Ngomeni. Wageni huonyeshwa kuta za Wareno walioanza kujenga 1593, lakini anayetafuta ndondi ana tarehe nyingine za kukumbuka: kuanzia 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa jela. Idara ya Magereza, pamoja na polisi na jeshi, ndizo zilizokuja kuwa nyumba kubwa za ndondi za ridhaa nchini. Kijana mwenye mkono mzito aliandikishwa kazi ya uaskari, akapewa mshahara, chakula, muda wa mazoezi na nauli ya mashindano. Kwa kupigana kwenyewe hakulipwa senti. Ndiyo maana ya ridhaa: unapigania medali, bendera na jina, na tumbo lako linatunzwa na kazi nyingine.

Kutoka Ngomeni unakata Makadara, unavuka Digo Road, na mwendo si mrefu unafika Tononoka. Uwanja wake unajulikana kwa mikutano ya siasa, na ukumbi wake ni mahali ambapo ulingo hufungwa. Ukitaka kuuelewa mchezo huu, fika mapema kabla watu hawajajaa, utazame bondia anavyofungwa bendeji. Mkono umenyooshwa, vidole vimepanuliwa. Kocha anaanzia kwenye kidole gumba, anazungusha kitambaa kwenye kifundo mara kadhaa, anapanda hadi kwenye konzi, anapitisha kati ya kidole na kidole, anarudi kwenye kifundo. Kila baada ya mizunguko anamwambia akunje ngumi, aifungue, akunje tena. Ikikaza sana damu haipiti. Ikilegea, mfupa mdogo wa kiganja utavunjika kwenye kichwa cha mtu. Bondia wakati huo hasemi. Anaitazama mikono yake ikigeuka kuwa kitu kingine.

Kwenye vibaraza vya Kibokoni na Kuze, mazungumzo ya ndondi yakianza hayachukui muda kufika kwenye majina matatu: Philip Waruinge, Stephen Muchoki, Robert Wangila. Hakuna mzaliwa wa Mombasa kati yao. Lakini Mombasa ni mji wa watu wanaowaona wenzao wakiondoka, na hawa watatu wote waliondoka. Walikuwa mabingwa wa ridhaa wa kiwango ambacho Kenya haijakifikia tena, kisha wakageukia ndondi za kulipwa, na kila mmoja akaipata riziki hiyo nchi ya mbali: Japani, Denmark, Marekani. Nchi iliyowalea haikuwa na mahali pa kuwaweka walipotaka kulipwa. Hilo linaniuma, na nadhani likitazamwa kwa karibu linaeleza mengi kuhusu kwa nini ndondi zetu zilififia.

Basi tuanze na Waruinge.

Reli iliyoanza kujengwa hapa kisiwani 1896 ilifika Nakuru 1900, na ni mji huo wa Bonde la Ufa uliomtoa. Alizaliwa 1945. Nakuru ilikuwa na klabu yake ya ndondi za ridhaa na ukumbi ambao wenyewe waliupa jina la Madison Square Garden, sawa na ule wa New York. Mtu anaweza kutabasamu kwa jina hilo kwa ukumbi wa mji wa mkoani. Mimi naliona jina la watu waliokuwa wanajua wanachokitaka. Na waliyemtoa alilistahili: bondia wa uzani wa unyoya, kilo 57, mwepesi wa miguu, mwenye mkono wa mbele usiochoka, aliyekuwa akimfanya mpinzani aonekane kama anayepigana na mtu aliyeshaondoka pale alipokuwa. Alikwenda Olimpiki ya Tokyo 1964 akiwa na miaka 19. Miaka miwili baadaye, Kingston kule Jamaika, alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Kisha ikaja Mexico City, 1968. Wakenya wengi wakisikia mwaka huo wanamkumbuka Kipchoge Keino akimwacha Jim Ryun kwenye mita 1,500, Naftali Temu kwenye mita 10,000, Amos Biwott akiruka maji bila kulowa. Ni haki yao. Lakini ndani ya Arena México, mbele ya umati uliokuwa karibu wote wa mwenyeji, Waruinge alikuwa akifanya jambo ambalo kwa kipimo cha ufundi halikuwa dogo kuliko hayo. Alifika nusu fainali na kukutana na Antonio Roldán, Mmexico. Wakapigana raundi tatu. Majaji watatu wakampa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Hapo safari yake ikaishia kwenye shaba. Roldán akaenda fainali, na dhahabu akaipata kwa sababu mpinzani wake, Mmarekani Al Robinson, aliondolewa kwa kosa la kupiga kichwa.

Mashindano yalipokwisha, lilibaki Kombe la Val Barker. Kombe hili lilikuwa likipewa bondia mmoja tu katika Olimpiki nzima, yule aliyehesabiwa kuwa na ufundi bora kuliko wote, wa kila uzani. Mwaka ule George Foreman alikuwa ameshinda uzani wa juu na kuzunguka ulingo na kibendera chake. Kombe halikwenda kwake. Halikwenda kwa Roldán wala kwa bingwa mwingine yeyote wa dhahabu. Alipewa Waruinge, mwenye medali ya shaba. Katika historia yote ya kombe hilo ni mabondia wawili tu wenye shaba waliowahi kulipata. Mwingine ni Louis Laurie wa Marekani, Berlin 1936. Wakubwa wa ndondi za dunia hawakuibadili hukumu ya nusu fainali. Lakini kwa kitendo kile walisema hadharani nani alikuwa bondia bora Mexico.

Alirudi nyumbani, akaendelea. Edinburgh 1970 akatwaa tena dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzani uleule. Munich 1972, michezo ikiwa bado na msiba wa wanamichezo wa Israeli waliouawa, alifika fainali dhidi ya Boris Kuznetsov wa Urusi ya Kisovieti. Kura zikagawanyika tena, tatu kwa mbili, na tena zikamwendea mwingine. Mara mbili mfululizo kura ya jaji mmoja ilisimama kati ya Waruinge na kitu alichokuwa akikifuata. Fedha ile bado ndiyo fedha pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki. Siku zilezile Samuel Mbugua na Dick Murunga, ambaye watu walimwita Tiger, waliongeza shaba mbili. Medali tatu za ndondi katika Olimpiki moja, hatujazipata tena.

Sasa mtazame mtu huyu 1973. Ana miaka 28. Ana medali za Olimpiki mbili, dhahabu za Jumuiya ya Madola mbili, na kombe ambalo mabingwa wengi wa dunia hawakulipata. Katika uzani mdogo, ambako kasi ndiyo mtaji, miaka 28 ni umri ambao bondia wa kulipwa huwa tayari ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya ulingoni. Hapo ndipo yeye alipoanza.

Cassius Clay, ambaye baadaye tulimjua kama Muhammad Ali, aliposhinda dhahabu ya Rome 1960 alikuwa na miaka 18. Kabla mwaka haujaisha wafanyabiashara 11 wa mji wake wa Louisville walikwishaungana kumgharimia, wamempa fedha za kuanzia, na pambano lake la kwanza la kulipwa limekwishapiganwa palepale nyumbani. Waruinge hakukosa kipaji cha namna hiyo. Alikosa Louisville. Hapakuwa na watu wa kuungana, hapakuwa na ukumbi wenye mapambano ya kutosha, hapakuwa na televisheni ya kununua haki za matangazo. Kwa hiyo alipanda ndege hadi Japani, nchi yenye mashabiki na mapromota wa uzani mdogo, na kule akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama.

Jina hilo hunisimamisha kila nikilisoma. Mtu aliyepanda jukwaani Kingston na Edinburgh wimbo wa taifa lake ukipigwa sasa anatangazwa ulingoni kwa jina la nchi nyingine. Sina lawama kwake. Bondia wa kulipwa anauza tiketi, na mnunuzi wa tiketi anataka mtu anayeweza kumwita wake.

Na mchezo wenyewe ulikuwa mwingine. Ridhaa ilikuwa raundi tatu za dakika tatu tatu: unaingia, unagusa, unatoka, unahesabiwa pointi. Kulipwa, kwenye mapambano ya ubingwa wa dunia ya siku hizo, zilikuwa raundi 15. Miguu iliyomtosha Waruinge kwa dakika tisa ilitakiwa imtoshe kwa dakika 45, dhidi ya watu wasiojali kuguswa mara kumi ili wakupige mara moja ya mbavuni. Bondia anajifunza haya akiwa na miaka 20. Akiwa na 28 anajifunza huku mwili wake ukianza kumkatalia.

Hata hivyo alifika kwenye mlango wa ubingwa. Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lilikuwa limeunda uzani mpya, super-bantam, wa kilo 55 na kitu, na mkanda wake wa kwanza ulitafutiwa mwenyewe Aprili 3, 1976 katika jiji la Panama. Upande mmoja alikuwa Rigoberto Riasco, Mpanama, mbele ya watu wake. Upande wa pili Waruinge, mwenye miaka 31. Ilikuwa Mexico mara ya pili: mji wa mwenyeji, umati wa mwenyeji. Tofauti ni kwamba safari hii majaji hawakuhitajika. Pambano halikufika mwisho, na mkanda ukabaki Panama.

Mapambano yake ya kulipwa hayakuacha rekodi ya kung'ara. Ushindi upo, na kushindwa kupo kwingi. Anayeisoma rekodi hiyo peke yake atadhani huyu alikuwa bondia wa kawaida. Kila nikiitazama nakumbuka kwamba ridhaa ilichukua miaka yake kumi bora na kumlipa kwa medali, kisha soko la dunia likachukua yaliyobaki kwa bei ya mabaki. Alifariki 2022.

Stephen Muchoki alikuwa mdogo zaidi wa umbo: light-fly, kilo 48. Huyu hakuonewa na majaji. Aliyemwonea ni kalenda. Mapema 1974 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Christchurch, New Zealand. Agosti mwaka huohuo mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa ridhaa yalifanyika Havana, naye akafika fainali, akashindwa na Mkuba Jorge Hernández mbele ya Wakuba. Mashindano hayohayo Mganda Ayub Kalule alishinda dhahabu, na huyo Kalule tutamkuta tena mbele kidogo.

Miaka miwili baadaye ilikuwa Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nchi za Afrika zikataka New Zealand izuiwe kushiriki. Ombi lao lilipokataliwa, nchi za Afrika zikasusia, Kenya ikiwemo. Naamini ule ulikuwa uamuzi wa haki. Vilevile ni kweli kwamba dhahabu ya kilo 48 ilikwenda kwa Jorge Hernández, na Muchoki hakuwepo kumdai deni la Havana.

Alingoja. Belgrade 1978 alitwaa ubingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kuupata. Mwaka uleule, Edmonton, akaitetea dhahabu yake ya Jumuiya ya Madola. Alipokuwa anasubiri Moscow 1980 hapakuwa na mtu wa uzani wake duniani aliyekuwa na sababu nzuri zaidi ya kuitaka.

Majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter akataka dunia isusie Moscow, na Februari 1980 akamtuma Afrika mtu aliyedhani hakuna mlango ungefungwa mbele yake: Muhammad Ali. Dar es Salaam ulifungwa. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na waandishi wa habari wakamuuliza Ali kwa nini Marekani haikususia Montreal pamoja na Afrika. Ni swali lililomtikisa, na lilikuwa swali la haki. Nairobi alikaribishwa vyema zaidi, kwa kuwa Kenya ilikuwa upande wa Carter. Tanzania na Uganda zikaenda Moscow. John Mugabi wa Uganda akarudi na fedha ya ndondi, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wa Tanzania wakarudi na fedha zao za riadha. Kenya haikwenda. Medali ya kilo 48 ikachukuliwa na mwenyeji, Shamil Sabirov.

Mara mbili, basi. Mara ya kwanza kwa ajili ya Afrika, mara ya pili kwa ajili ya ugomvi wa wakubwa wawili ambao hakuna kati yao aliyemjua Muchoki. Na aliyetumwa kuja kulinadi jambo hilo alikuwa bondia ambaye maisha yake yote ya kulipwa yalifunguliwa na dhahabu ya Olimpiki. Wazee wa Mji wa Kale wanampenda Ali kwa mapenzi ya dini na ya ndondi, nami ni mmoja wa wanaompenda. Ila ziara ile ya 1980 siwezi kuipita bila kuitaja.

Mwaka huohuo Muchoki akageukia kulipwa. Aliifuata njia ya Kalule, aliyekwenda Denmark 1976 kwa promota Mogens Palle na kufika 1979 kuwa bingwa wa dunia wa WBA, alipomshinda Masashi Kudo huko Akita, Japani. Copenhagen ilikuwa mji wa ajabu kwa Waafrika wa Mashariki kujenga maisha ya ndondi, baridi na giza la saa kumi alasiri, lakini palikuwa na ukumbi, promota, na watu walionunua tiketi. Muchoki alitwaa taji la Jumuiya ya Madola la uzani wa fly 1980. Novemba 5, 1982, hapohapo Copenhagen, alipanda kupigania mkanda wa dunia wa WBA mikononi mwa Santos Laciar wa Argentina, mtu mfupi mpana aliyekuwa haendi nyuma. Muchoki alidumu hadi raundi ya 13. Hapo Laciar akammaliza. Mwaka uliofuata Keith Wallace alimvua lile la Jumuiya ya Madola, London.

Raundi ya 13 ile ni ya kuzingatiwa. Siku nane tu baada ya usiku ule, Novemba 13, 1982, Mkorea Duk Koo Kim alipigana na Ray Mancini Las Vegas hadi raundi ya 14, akaanguka, na baada ya siku chache akafa. WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na wengine wakafuata. Muchoki alipigana mwishoni mwa zama zile.

Robert Wangila Napunyi alikuwa mtoto wa zama mpya. Alizaliwa Nairobi 1967. Dhahabu ya Michezo ya Afrika aliitwaa nyumbani 1987, mwaka ambao uwanja wa Kasarani ulifunguliwa, na Seoul 1988 alikwenda akiwa na miaka 21, mpiganaji wa uzani wa welter ambaye hakuwa na subira ya kuhesabiwa pointi. Katika fainali alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili ilikuwa haijafika mbali Boudouani alipokuwa chini. Majaji watano waliokaa kando ya ulingo hawakupata nafasi ya kumfanyia Wangila walilomfanyia Waruinge, na kwenye mashindano yale tahadhari hiyo ilikuwa na maana: ni Seoul hiyohiyo ambako Roy Jones wa Marekani alinyang'anywa dhahabu dhidi ya Mkorea kwa kura tatu kwa mbili, kisha akafarijiwa kwa Kombe la Val Barker.

Wangila alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi ya Olimpiki. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya isiyotokana na riadha. Chris Sande aliongeza shaba, na baada ya hapo medali za ndondi za Olimpiki zikakoma kwetu: saba kwa jumla, moja ya dhahabu, moja ya fedha, tano za shaba, zote kati ya 1968 na 1988.

Alikwenda Marekani 1989 kupigana kwa kulipwa. Umri ulikuwa mzuri, jina lilikuwa zuri, ngumi ilikuwa nzito. Alishinda mapambano 22, katika hayo 16 kwa kuwaangusha au kuwasimamisha wapinzani. Boudouani, yule aliyelazwa Seoul, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Wangila hakuwahi kuvaa mkanda wa dunia. Julai 22, 1994, katika hoteli ya Aladdin, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Raundi ya tisa mwamuzi Joe Cortez aliona amepigwa ya kutosha, akasimamisha. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Akashuka ulingoni kwa miguu yake. Katika chumba cha kubadilishia nguo ndiko alikozimia, akakimbizwa hospitali, na Julai 24 akafa. Alikuwa na miaka 26, na lile lilikuwa pambano lake la tano kushindwa.

Cortez hakukosea kusimamisha. Kama kuna kosa lilikuwa mbali zaidi, katika miaka mitano ya kupigana nchi ya watu ambako bingwa wa Olimpiki ni mfanyakazi mmoja kati ya wengi wanaongoja kupangiwa pambano.

Ukuta kati ya ridhaa na kulipwa wenyewe ulikuja kubomolewa. Juni 2016 chama cha dunia cha ndondi kilipiga kura kuruhusu mabondia wa kulipwa kushiriki Olimpiki. Rayton Okwiri aliiwakilisha Kenya Rio mwaka huo, kisha 2017 akaingia kulipwa, akiwa na nafasi ambayo Waruinge hakuipata: kupigana mapambano makubwa Nairobi, mbele ya Wakenya. Hatujafika mbali. Ndondi za kulipwa Mombasa bado ni za kubahatisha, promota akipata mdhamini mapambano yapo, asipopata hayapo, na kijana wa Majengo au Kongowea mwenye mkono mzuri bado anauliza kwanza kuhusu kazi ya askari.

Lakini Oktoba 1, 2016, katika mji wa Flint, Michigan, Mkenya aitwaye Fatuma Zarika alimshinda Alicia Ashley kwa pointi na kutwaa mkanda wa WBC wa wanawake wa uzani wa super-bantam. Ni baraza lilelile na uzani uleule alioukosa Waruinge kule Panama, 1976. Desemba 2017 Zarika aliutetea dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, na pambano hilo lilipiganwa Nairobi.